Kukauka si kutoharika: maradhi yanayongoja juu ya kibao cha jikoni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, aghalabu tunapozungumzia tohara mawazo yetu huelekea msikitini: udhu, nguo ya sala, mkeka wa kusalia. Leo tunapenda kuelekea mahali pengine ambapo tohara ina kazi kubwa isiyotajwa sana, nako ni jikoni. Tutazungumza juu ya kibao cha kukatia mboga, kisu, beseni la kuoshea vyombo, kitambaa cha kufutia meza na mkono wa mpishi. Hivi ndivyo vitu vinavyopitisha maradhi ya tumbo na ya ini kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa nyumba nzima, hali ya kuwa vyote vinaonekana safi.

Mfano wa nyumba moja

Tuichukue kwa mfano nyumba moja katika kata ya Ihembe, wilayani Karagwe. Ni nyumba yenye migomba nyuma yake, na maji yake huletwa kwa madumu kutoka bondeni. Usiku mtoto mdogo amehara na kutapika. Mama amemwosha, amefua nepi zake katika beseni, amemwaga maji, kisha kwa kitambaa cha jikoni amefuta pale matapishi yalipoangukia. Kulipopambazuka, beseni limekauka. Kitambaa kimeanikwa, nacho kimekauka. Hakuna rangi, hakuna harufu. Mchana katika beseni lile lile zinaoshwa sahani, na kitambaa kile kile kinapitishwa juu ya kibao kinachokatiwa nyanya na vitunguu vya kachumbari. Siku ya pili baba anaumwa tumbo, na bibi anatapika. Majirani watasema ni hali ya hewa, au ni maji ya mvua mpya. Mwenye dhana mbaya atasema kuna mkono wa mtu.

Hakika mkono wa mtu upo, lakini hauna uadui wowote. Ni mkono wa mama mwenye huruma aliyekuwa akimhudumia mwanawe usiku kucha. Kilichompita ni jambo moja tu: alidhani kwamba kilichokauka kimekwisha.

Mgawanyo wa najisi katika vitabu vyetu

Waliosoma madrasa wanakikumbuka kitabu cha Safinat an-Najaa cha Sheikh Salim bin Sumair al-Hadhrami, ambacho vijana wengi wa Afrika Mashariki hukianza katika fiqhi ya Imam Shafi. Ndani yake mwanafunzi hufundishwa kwamba najisi ya kawaida ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ile yenye rangi, harufu au ladha, nayo huitwa ainiyya. Haina budi sifa hizo ziondoshwe. Ya pili huitwa hukmiyya: ni ile isiyobakiwa na rangi, wala harufu, wala ladha, kama vile mkojo uliokauka. Juu ya hii ya pili, wanavyuoni hawakusema kwamba imejiondokea yenyewe kwa kuwa jicho haliioni. Walisema maji yapitishwe juu yake.

Tazama jinsi jambo hili lilivyo zito. Mtoto wa madrasa mwenye umri wa miaka 10 anafundishwa kwamba kitu chaweza kuwa hakionekani na bado kipo katika hukumu. Na jua au upepo, katika madhehebu yetu, havitoharishi kilichonajisika. Kinachotoharisha ni maji.

Kuna na jambo la pili. Wanavyuoni wa Kishafi wametofautisha baina ya maji yanayoijia najisi na najisi inayoyajia maji. Ukiyamimina maji juu ya chombo kilichonajisika, maji huondoka na uchafu. Lakini ukikitumbukiza chombo hicho ndani ya maji machache, yaani yasiyofika kullatayn, ambayo wengi wa wanavyuoni wa sasa huyakadiria kuwa zaidi kidogo ya lita 200, basi maji yenyewe hunajisika hata kama hayakubadilika. Beseni la jikoni halifiki hata robo ya kiasi hicho.

Hatusemi kwamba wanavyuoni wa kale walivijua virusi, wala hatutaki kuvibebesha vitabu vyao maneno yasiyokuwemo. Hukumu ya tohara imewekwa kwa ajili ya ibada, na elimu ya tiba ina njia zake. Tunachosema ni kwamba Muislamu aliyeielewa hukumu hii hapaswi kuwa mtu wa kushangaa daktari anapomwambia kuwa kibao kikavu, kisicho na doa, bado kinaweza kumwuguza mwanawe.

Virusi huishi muda gani?

Virusi ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana hata kwa darubini za kawaida za hospitalini. Haviongezeki juu ya meza wala ndani ya chakula kama wafanyavyo bakteria; huongezeka ndani ya mwili tu. Juu ya meza kazi yake ni moja: kungoja. Na swali la mwenye nyumba ni hili: vinaweza kungoja kwa muda gani?

Vinavyotuhusu zaidi ni vinne. Kuna virusi vya rota, vinavyowaharisha sana watoto wachanga. Kuna virusi vya noro, vilivyopata jina lake kutokana na mji wa Norwalk huko Ohio, Marekani, ambako watoto wa shule moja waliugua kwa pamoja mwaka 1968. Hivi huwatapisha na kuwaharisha wakubwa kwa wadogo. Kisha kuna virusi vya homa ya ini aina A, na vya homa ya ini aina E. Vyote hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, na vya noro hutoka pia katika matapishi, kisha huingia kwa mdomo wa mwingine.

Mwaka 1991 Mbithi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walipaka virusi vya homa ya ini A juu ya bati la chuma kisichoshika kutu, kisha wakavipima. Katika baridi ya nyuzi 5 na hewa kavu, ilichukua zaidi ya siku 7 kwa nusu tu ya virusi kufa. Katika joto la nyuzi 35 na hewa yenye unyevu mwingi, nusu ilikufa kwa muda wa saa 2 hivi. Zingatia hapo, ndugu msomaji: kwa kirusi hiki, hewa kavu haikuwa adui bali ilikuwa hifadhi. Mwaka uliofuata watafiti hao waliviweka juu ya vidole vya watu, na baada ya saa 4 sehemu ya virusi ilikuwa bado hai. Saa 4 ni muda wa kutosha kumenya ndizi, kupika, kupakua na kukaribisha wageni.

Mwaka 1994 watafiti wa Barcelona, Hispania, waliendeleza jambo hilo juu ya vitu vya nyumbani kama vile alumini, vyombo vya kaure, vigae na karatasi. Virusi vya homa ya ini A na vya rota vilistahimili kukauka kuliko virusi vya polio, na majaribio yao yalifuatiliwa hadi siku 60. Sufuria zetu nyingi ni za alumini.

Ama virusi vya noro, wanasayansi hawakuweza kuvikuza maabara hadi mwaka 2016, kwa hiyo hesabu ya umri wake ilikuwa ngumu zaidi. Hata hivyo alama zake zimeonekana juu ya chuma na vigae baada ya siku 7. Tena vyenyewe havihitaji wingi ili kudhuru: makadirio yaliyotolewa mwaka 2008 yalionesha kuwa chembe chache, hata chini ya 20, zinaweza kumwambukiza mtu, ilhali gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa huweza kubeba mabilioni yake.

Watafiti wa Uingereza nao walichunguza mwaka 2004 namna uchafu unavyosafiri. Kidole kilichogusa virusi vya noro kiliweza kuvihamisha hadi vitu saba safi, kimoja baada ya kingine. Walipofuta meza kwa kitambaa na maji ya sabuni pekee, virusi havikuisha; kitambaa kilivihamisha kutoka mahali pamoja na kuvipeleka pengine. Hapo ndipo ilipolala hatari ya kile kitambaa cha mama wa mfano wetu.

Fundisho la Kitgum

Huenda mtu akasema hayo ni majaribio ya Wazungu katika maabara zao. Basi natutazame nchi ya Uganda, inayopakana na mkoa wa Kagera. Mwezi Oktoba 2007 homa ya ini aina E ilizuka Madi Opei, katika wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa nchi hiyo, ambako watu walikuwa wakiishi kambini kwa sababu ya vita. Hadi kufikia mwaka 2009 watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameugua, na 160 hivi walikuwa wamefariki. Maradhi haya huwatesa zaidi wajawazito: Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wakiambukizwa katika miezi mitatu ya mwisho, kati ya 20 na 25 katika kila 100 wanaweza kufa.

Wachunguzi waliwalinganisha waliougua na wasiougua. Miongoni mwa mambo waliyoyakuta yakihusiana na kuugua ni mawili ambayo kila nyumba ya kwetu inayajua: kunawa mikono pamoja na wengine katika beseni moja, na kuweka maji ya kunywa katika vyombo vyenye mdomo mpana ambamo mikono huingia. Watu hao hawakuacha kunawa. Walinawa, lakini mkono ndio ulioyajia maji, na maji hayakuujia mkono.

Hapa tunaikumbuka hadithi ya Abu Huraira (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) amemwelekeza mwenye kuamka usingizini aoshe mkono wake kabla ya kuutia chomboni, kwa sababu hajui mkono huo ulilala wapi. Sababu iliyotajwa ni kutojua. Haikushurutishwa kuona uchafu. Na katika hadithi ya Jabir (R.A.) aliyoipokea Muslim, tumeagizwa kufunika vyombo. Mwenye kuyashika mawili haya katika mtungi wake wa maji ameshafunga mlango mmoja ulioachwa wazi Kitgum.

Dawa ya mikono haitoshi

Watu wa Kagera wamepitia mitihani. Virusi vya Marburg vilizuka wilayani Bukoba mwaka 2023, na Biharamulo mwaka 2025. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2020, dunia nzima ilikuwa katika korona. Kutokana na mitihani hiyo wengi wamezoea dawa ya mikono yenye spiriti, na wapo wanaodhani kuwa tone lake moja linatosha kwa kila jambo.

Ni lazima tutofautishe. Virusi vya Marburg na vya korona vimevikwa ngozi laini ya mafuta, na sabuni au spiriti huipasua ngozi hiyo vikafa. Virusi vya noro, vya rota na vya homa ya ini A havina vazi hilo; vina gamba gumu la protini. Spiriti haiviui ipasavyo vya noro na vya homa ya ini A. Sabuni nayo haiviui, bali huving'oa katika ngozi ya mkono ili maji yanayotiririka yaondoke navyo. Kwa hiyo mpishi asitosheke na dawa ya kupaka. Sabuni, kusugua, na maji ya kumiminika: hakuna mbadala.

La kufanya kwa maji machache

Twajua kwamba maji ya Ihembe yana jasho la mtu ndani yake. Mwenye dumu la lita 20 kichwani haambiwi afungulie bomba asilokuwa nalo. Lakini kumimina si lazima kutumie maji mengi kuliko kujaza beseni. Kibuyu chirizi, lile dumu dogo linaloinamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga, hutoa maji kidogo kidogo, na mkono haukigusi chombo. Kiwekwe kimoja karibu na choo na kingine karibu na jiko.

Vyombo vioshwe kwa sabuni, kisha visuuzwe kwa kumiminiwa maji safi kwa jagi, visitumbukizwe tena katika maji yaliyokwisha kuoga sahani 20. Kisha vianikwe juani juu ya kichanja. Jua lina msaada wake, kwani mwanga wake hudhoofisha virusi, lakini ni msaidizi wa maji, haliwi badala yake.

Beseni la nepi liwe mbali na beseni la vyombo, na lisibadilishane kazi hata siku moja. Likitiwa alama ya rangi, hata mtoto atalijua. Kitambaa cha matapishi kisirudi jikoni. Kichomwe au kichemshwe.

Kuchemsha ni silaha kubwa. Virusi vya homa ya ini A huweza kustahimili nyuzi 60 kwa nusu saa, lakini nyuzi 85 kwa dakika moja huviangamiza. Katika nyanda za juu za Karagwe maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa sababu ya mwinuko, nazo zinatosha. Kwa hiyo ndizi na maharage yaliyotokota hayana shaka. Shaka huja baada ya jiko: kachumbari, matunda yaliyomenywa, chapati zinazokunjwa kwa mkono, na sahani ya kupakulia.

Kibao chenye mikwaruzo mingi ya kisu huficha uchafu usiofikiwa na kitambaa. Kisuguliwe kwa brashi na sabuni, kimwagiwe maji yanayochemka, na kikizeeka kitiwe motoni. Jani la mgomba lililokatwa sasa hivi, likaoshwa na kupitishwa juu ya moto, kisha likatumika mara moja na kutupwa, ni bora kuliko kibao cha miaka 10. Wazee wetu waliopakulia juu ya majani walikuwa na uso mpya wa meza kila siku.

Pakiwa na mgonjwa wa kuhara au kutapika, itumike dawa ya klorini ya dukani. Kwanza uchafu uondolewe na mahali paoshwe kwa sabuni, maana klorini huishiwa nguvu ikikutana na uchafu. Kisha, kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, zitiwe mililita 30, kama vijiko viwili vikubwa vya chakula, katika lita moja ya maji. Ipakwe, iachwe kwa dakika 5 au zaidi, na mahali pa chakula pasuuzwe kwa maji safi. Isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia, isitiwe katika chupa ya soda, wala isifikiwe na watoto.

Mtoto anayehara apewe maji ya chumvichumvi ya paketi na madini ya zinki, na apelekwe zahanati akilegea au akikataa kunywa. Na asikose chanjo ya rota, iliyoingizwa katika chanjo za watoto wa Tanzania tangu mwanzoni mwa 2013.

Mpishi mgonjwa katika shughuli

Limebaki jambo linalohitaji ujasiri. Katika harusi, maulidi na khitma zetu, akina mama hukusanyika kupika tangu usiku. Kukosekana huonekana kuwa ni kuvunja undugu. Kwa hiyo mama aliyekuwa akihara jana huamka, hujifunga kanga, akaenda kumenya na kupakua, ili asisemwe. Nia yake ni njema. Lakini kwa mkono wake mmoja sinia 30 zinaweza kubeba maradhi, na kila sinia inazungukwa na watu watano.

Madaktari wanasema aliyehara au kutapika asishike chakula cha watu hadi zipite saa 48 tangu hali hiyo ikome. Aliyepata homa ya ini A angoje angalau wiki moja tangu macho yageuke manjano. Na hata baada ya hapo asilegeze kunawa, kwani virusi vya noro huweza kuendelea kutoka mwilini kwa wiki mbili au zaidi baada ya mtu kupona.

Basi viongozi wa shughuli, na hasa akina mama wakubwa wanaosimamia majiko, waulize mapema, kwa upole na faraghani: "Mwanangu, tumbo lako likoje? Na watoto nyumbani?" Anayejibu kwamba anaumwa ashukuriwe kwa ukweli wake, apelekewe chakula nyumbani, na mchango wake uhesabiwe kana kwamba amepika. Mume asimlaumu mkewe, wala mama mkwe asimhesabie. Tukimwaibisha msema kweli mmoja, wengine 10 watajificha. Kanuni yetu ya kisharia inajulikana: hakuna kudhuru wala kudhuriana, na udhuru wa mgonjwa umekubaliwa hata katika swaumu, sembuse katika kumenya ndizi.

Ndugu Waislamu, hatukuandika haya ili kuwatia watu wasiwasi wa kuosha chombo kimoja mara 40. Wasiwasi si katika uchamungu. Tumeandika ili tuiondoe imani moja potofu iliyo katika majiko mengi, kwamba kilichokauka kimesafika. Leo baada ya sala ya Ijumaa, kila mzazi na aingie jikoni kwake, baba kabla ya mama, aulize maswali matatu: beseni la nepi ni lipi? Kitambaa hiki kilifuta nini mara ya mwisho? Na maji ya kunawa yanamiminika au yamesimama? Baba asiyejua majibu yake na atengeneze kibuyu chirizi jioni ya leo. Ni kazi ya nusu saa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kujitoharisha kwa dhahiri na kwa siri. Wabillahi tawfiq.